Noti za Dola Adimu na Zenye Kasoro za Uchapaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Mambo ya msingi

Nina noti ya dola ya zamani. Je, thamani yake imezidi kilichoandikwa juu yake?

Pengine haijazidi, au imezidi kidogo tu. Uzee peke yake haupandishi bei. Kinachopandisha ni uchache wa noti zilizobaki, hali ya noti yenyewe, na idadi ya watu wanaoitafuta. Dola 1 ya toleo la 1957 yenye muhuri wa bluu ina zaidi ya miaka sitini, lakini zilichapwa kwa mabilioni na wananchi wa Marekani waliziweka makabatini kwa mafungu. Ikiwa imechakaa, itauzwa kwa bei iliyozidi kidogo ile iliyoandikwa. Upande wa pili kuna dola 1,000 ya mwaka 1890, ambayo wakusanyaji huiita Grand Watermelon kwa sababu sufuri zake za mgongoni zinafanana na matikiti maji. Moja ilifika dola 3,290,000 mnadani mwaka 2014.

Mwaka ulioandikwa kwenye noti ndio mwaka iliyochapwa?

Hapana. Ule ni mwaka wa toleo. Toleo hubadilika muundo wa noti unapobadilika au Marekani inapopata Waziri mpya wa Fedha. Herufi inayofuata mwaka, kama 1963B, kwa kawaida huonyesha kwamba sahihi mojawapo imebadilika, ya Waziri au ya Mweka Hazina. Noti ya toleo la 2013 inaweza kuwa ilichapwa 2016, na jambo hili lina uzito mkubwa kwenye swali la jozi za 2013 hapo chini.

Nianze kuangalia wapi kwenye noti?

Chukua dola 1 ya kawaida, upande wa mbele. Herufi ya kwanza ya namba ya mfululizo inaonyesha benki ya Hifadhi ya Shirikisho (Federal Reserve, yaani benki kuu ya Marekani) iliyoitoa: A ni Boston, B New York, C Philadelphia, hadi L ambayo ni San Francisco. Karibu na kona ya juu kushoto kuna herufi na tarakimu ndogo, kama B2 au H4. Hiyo ndiyo nafasi ya noti kwenye karatasi kubwa iliyochapwa kabla ya kukatwa, ambayo hapa tutaiita shiti. Chini kulia kuna namba ya bamba lililochapa uso. Ikitanguliwa na FW, noti imechapwa Fort Worth, Texas. Isipokuwa na FW, imetoka Washington. Bamba la mgongo nalo lina namba yake, upande wa nyuma. Utakavyoona, alama hizi ndogo ndizo zinazoamua mambo mengi.

Rangi ya muhuri ina maana gani?

Kijani ni noti za Hifadhi ya Shirikisho, hizi tunazozijua sote. Bluu kwa kawaida ni hati za fedha, yaani noti zilizoweza kubadilishwa kwa madini ya fedha hadi Juni 1968. Nyekundu, kwenye noti za ukubwa wa leo, ni noti za serikali ya Marekani yenyewe.

Kahawia na njano zinataka uangalifu. Dola yenye muhuri wa kahawia na neno HAWAII lililochapwa juu yake ni ya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ilitengenezwa hivyo ili Wajapani wakiviteka visiwa, noti hizo zifutwe bila kugusa dola nyingine. Hati ya fedha yenye muhuri wa njano ilitolewa kwa wanajeshi waliopelekwa Afrika Kaskazini. Hati za dhahabu za ukubwa wa leo, za toleo la 1928, nazo zina muhuri wa njano, kwa hiyo soma maandishi ya juu ya noti kabla hujaamua.

Mbona noti nyingine ni kubwa kuliko dola za kawaida?

Hadi 1929 noti za Marekani zilikuwa karibu milimita 187 kwa 79. Tangu hapo ni 156 kwa 66. Kubwa halisi nyingi zinastahili kupelekwa kwa mjuzi hata zikiwa zimechakaa.

Dola 2 ni adimu?

Si adimu. Inachapwa mpaka leo, ila Wamarekani wenyewe hawaitumii sana. Noti za toleo la 1976 zilizogongwa muhuri wa posta tarehe 13 Aprili 1976, siku zilipotoka, huuzwa kwa bei iliyozidi kidogo, basi.

Na dola yenye sahihi ya Barr?

Joseph W. Barr alikuwa Waziri wa Fedha kwa mwezi mmoja hivi, kuanzia Desemba 1968 hadi Januari 1969, na watu wakadhani dola 1 yenye sahihi yake itakuwa dhahabu. Lakini toleo hilo la 1963B lilichapwa noti zaidi ya milioni 450. Labda iwe mpya kabisa na yenye nyota kwenye namba, vinginevyo itumie tu.

## Nyota na namba

Noti ya nyota ni nini hasa?

Shiti ikiharibika kiwandani, noti zake hutupwa. Kuchapa upya namba zile zile ni kazi kubwa, hivyo huwekwa noti nyingine yenye mfululizo wake, na nyota ndogo ndiyo inayoitofautisha. Kwenye noti za Hifadhi ya Shirikisho nyota iko mwisho wa namba. Kwenye hati za fedha na noti za muhuri mwekundu iko mwanzo.

Nimepata ya nyota. Nimetajirika?

Bado. Noti za nyota hutolewa kwa mafungu. Fungu kamili la siku hizi ni noti 3,200,000, na ukiipata moja imechakaa, thamani yake ni ile ile iliyoandikwa. Wakusanyaji huanza kuchangamka fungu likiwa la noti 640,000 au pungufu. Kiwanda cha serikali cha kuchapa noti hutoa taarifa za kila mwezi za uzalishaji, na zipo tovuti za kutafuta fungu kwa kuingiza toleo, thamani na namba. Angalia hapo kabla hujamwamini muuzaji anayesema neno adimu kila sentensi.

Hizi jozi za dola 1 za 2013 ni kweli?

Ni kweli, na ndiyo kasoro ya siku hizi ambayo mtu wa kawaida anaweza kuikuta mfukoni. Noti za nyota za toleo la 2013, herufi B ya New York, zilichapwa Washington, kisha Fort Worth ikachapa tena namba zile zile. Namba zinazohusika ni B00000001* hadi B00250000*, na B03200001* hadi B09600000*. Kwa hiyo kuna noti zaidi ya milioni sita, kila moja ikiwa na pacha wake mahali fulani duniani.

Noti moja ina nyongeza ndogo ya bei. Jozi iliyokamilika, moja yenye FW na nyingine isiyo nayo, imeshauzwa kwa maelfu ya dola. Ukiwa nayo, usiitumie wala usiikunje. Iandikishe kwenye tovuti za wanaotafuta pacha, lakini picha unayoweka hadharani ifunike tarakimu mbili tatu. Wapo matapeli wanaochukua namba za watu na kudai kwamba pacha wanaye wao.

Namba gani zinatafutwa?

Namba za chini sana, hasa chini ya 100. Tarakimu moja tupu, kama 88888888. Ngazi, 12345678. Namba inayosomeka sawa kutoka pande zote mbili, kama 35788753. Na nusu inayojirudia, 27152715.

Fanya hesabu kabla ya kununua. Katika namba milioni mia moja, zinazosomeka pande zote mbili ni 10,000, yaani moja kwa kila noti elfu kumi. Tofali moja la benki lina noti 4,000, kwa hiyo kwa wastani utafungua matofali mawili na nusu ndipo uipate moja. Si haba, lakini si muujiza. Noti zinazouzwa kwa kuwa namba yake ni tarehe ya kuzaliwa ya mtu ni biashara ya zawadi, na ukitaka kuiuza tena utamtafuta aliyezaliwa siku hiyo hiyo.

## Kasoro za uchapaji

Kwa nini kila mtu anaulizia hatua ya tatu?

Kwa sababu bei ya kasoro hutegemea ilitokea hatua gani. Noti za dola 1 na 2 hupita hatua tatu. Kwanza mgongo, kwa bamba la kuchonga lenye mgandamizo mkubwa, na shiti huachwa ikauke. Pili uso, wenye picha na fremu. Tatu huongezwa muhuri wa Hazina, alama ya benki na namba za mfululizo, kwa mashine nyingine kabisa. Mwisho shiti hukatwa, noti zikafungwa mia mia. Kuanzia dola 5 hadi 100 za muundo wa rangi, kuna hatua ya awali ya kupaka rangi hafifu za nyuma ya picha.

Ukijua hilo, utaisoma kasoro yoyote. Namba zikiwa kichwa chini, shiti iliingia imegeuzwa kwenye hatua ya tatu. Noti ikiwa na muhuri na namba bila picha, hatua ya pili iliruka. Mgongo ukiwa mweupe, ya kwanza iliruka. Na mtu akikuletea kasoro isiyoelezeka kwa mpangilio huu, mwenye kazi hiyo si kiwanda.

Kasoro zipi zina bei kubwa?

Inayoongoza ni noti yenye thamani mbili, kwa mfano uso wa dola 5 na mgongo wa dola 10. Hutokea shiti zilizokwisha chapwa mgongo mmoja zinapochanganyika na rundo la nyingine. Baada yake huja noti iliyokosa hatua ya pili, na ile yenye hatua ya tatu kichwa chini.

Katikati kuna mikunjo ya kabla ya kuchapwa, na noti ambazo karatasi ya ziada ilibaki pembeni ikajikunja kisha ikakatwa, hata ukiifungua inachomoza kama bawa. Humo pia kuna picha iliyohamia upande wa pili. Hii hutokea mashine inapozunguka bila karatasi. Wino unabaki kwenye silinda ya kugandamiza, na shiti inayofuata inaupokea mgongoni. Shiti ya kwanza hutoka na picha nzito, zinazofuata zinazidi kufifia, na bei inafuata uzito huo.

Chini kabisa ni wino uliopakaa, wino hafifu, na pambizo zisizolingana. Noti ambayo pambizo moja ni nyembamba kuliko nyingine haina nyongeza, labda ionyeshe kipande cha noti ya jirani.

Ile noti yenye stika ya ndizi ilitokeaje?

Ni dola 20 ya toleo la 1996, ya Fort Worth. Mwanafunzi wa Ohio aliipata kwenye ATM. Stika ya Del Monte ya ndizi za Ecuador, yenye namba 4011, iliangukia kwenye shiti baada ya uso kuchapwa lakini kabla ya hatua ya tatu. Ndiyo maana sehemu ya muhuri na namba imepita juu ya stika. Mtu akibandika stika leo nyumbani kwake, wino wote utakuwa chini yake. Tofauti hiyo ya nani yuko juu ya nani ndiyo iliyoifikisha noti hii dola 396,000 mnadani Januari 2021.

Namba mbili za noti hazifanani. Ni kasoro?

Ndiyo. Gurudumu la tarakimu lilikwama au liliwekwa vibaya. Kwa kuwa noti zinazofuatana kwenye fungu hutoka nafasi ile ile ya shiti zinazofuatana, gurudumu lililokwama huharibu nyingi kwa mpigo. Ukikuta noti ya namna hii kwenye fungu jipya la benki, usilichangue. Kagua zilizo kabla na baada, na zihifadhi kwa mpangilio wake. Noti zinazofuatana zenye kasoro moja huuzwa vizuri kuliko zikitawanyika.

Dola 1 za mtambo wa karatasi ya rola ni zipi?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kiwanda cha Washington kilijaribu mtambo unaotumia rola badala ya shiti, kisha kikauacha. Noti zake ni za matoleo ya 1988A, 1993 na 1995. Mbele hazina ile herufi na tarakimu ya nafasi, na mgongoni namba ya bamba iko juu ya herufi E ya neno ONE badala ya chini yake. Wauzaji wengi hawakagui, kwa hiyo ni windo zuri kwa asiye na mtaji.

## Za kughushi

Muhuri wa dola yangu ni wa bluu badala ya kijani. Je, ni kasoro?

Kama juu hapajaandikwa kuwa ni hati ya fedha, karibu daima ni kemikali. Wino wa kijani hugeuka bluu au njano ukikutana na dawa za kufua na kemikali nyingine. Linganisha namba za mfululizo na muhuri, kisha mgongo. Rangi ikibadilika kwa mawimbi, au karatasi iking'aa kupita kiasi chini ya taa ya UV, noti imeoshwa.

Nitajuaje kwamba muhuri na namba havijafutwa?

Laza noti chini ya taa ya pembeni, mwanga ukiipitia ubapa. Hatua ya tatu huacha alama ya kugandamizwa kwenye karatasi, na mara nyingi unaweza kuiona ukigeuza mgongo. Ukikuta alama za tarakimu mahali palipo patupu, mtu alizifuta. Kioo cha kukuza mara kumi kinatosha. Tumia hicho hicho kwa namba za ziada zilizoongezwa, kwa sababu printa ya nyumbani huacha vitone.

Mkunjo wa kweli unatofautianaje na uliokunjwa nyumbani?

Ufungue polepole. Mkunjo uliokuwepo kabla ya kuchapwa huacha mstari mweupe usio na wino, na noti iliyonyooshwa inakuwa ndefu kidogo kuliko kawaida. Uliokunjwa nyumbani hauna weupe, au weupe wake ni wa wino uliokwaruzika.

Na picha iliyohamia mgongoni?

Lazima iwe kinyume, kama inavyoonekana kwenye kioo. Wino ulitoka bambani ukaenda silindani, kisha karatasini. Ikisomeka sawasawa, haikuhama hivyo.

Noti iliyokatwa vibaya, yenye vipande vya noti mbili?

Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Kiwanda cha serikali huwauzia watu shiti zisizokatwa, na yeyote mwenye mkasi anaweza kuzikata atakavyo. Angalia namba: za shiti hizo kwa kawaida huwa juu ya 96000000, kiwango ambacho noti za mzunguko za siku hizi hazikipiti.

## Hali na utunzaji

Noti yangu ina mikunjo. Niipige pasi?

Hapana. Usiipige pasi, usiifue, usiibandike selotepu, usiifute maandishi ya kalamu. Karatasi ya dola ni robo tatu pamba na robo kitani, na ina michongo ya wino unaosimama juu. Pasi huilaza michongo hiyo, na mpimaji huona papo hapo. Kampuni kama PMG na PCGS hupima kwa skeli ya 1 hadi 70. Noti ya 64 na ya 65 zinaweza kuonekana sawa machoni, lakini bei ikapishana sana. Alama ya EPQ kutoka PMG, au PPQ kutoka PCGS, ina maana karatasi haijaguswa, na noti iliyooshwa haipewi.

Niiweke kwenye nini?

Mfuko mgumu wa poliesta usio na PVC. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu hutoa mafuta yanayoishika noti baada ya miaka michache. Kwa wanaoishi pwani, adui mkubwa ni unyevu: weka pakiti za kukausha ndani ya boksi, na lisikae ukutani wala sakafuni.

Ni lazima niipeleke kupimwa?

Kama ada, posta na bima vinazidi nusu ya bei unayotarajia, acha. Kwa kasoro kubwa za swali la bei hapo juu, ni lazima, kwa kuwa mnunuzi makini hatanunua bila hiyo.

## Kununua, kuuza na mambo ya pembeni

Nitajuaje bei ya haki?

Tafuta bei zilizolipwa, si zinazoombwa. Nyumba za minada kama Heritage na Stack's Bowers zina kumbukumbu za mauzo. Tafuta kwa namba ya Friedberg ya noti yako, ambayo hutambulisha aina na toleo, pamoja na daraja lake. Tangazo linaloitaka dola 5,000 kwa noti ya nyota ya 2017 si ushahidi wa lolote.

Biro ya kubadilisha fedha ya hapa Dar, Nairobi au Goma imekataa dola yangu ya zamani. Je, imeisha thamani?

Haijaisha. Serikali ya Marekani inatambua noti zake zote zilizotolewa tangu 1861 kwa thamani iliyoandikwa. Biro zetu hukataa zile za kichwa kidogo na matoleo ya zamani kwa hofu ya bandia, au hutoa bei ya chini. Mashariki ya Congo hata tundu dogo au mchaniko wa ukucha ni sababu ya kurudishiwa. Kwa mkusanyaji hilo ni soko: wenye dola zilizokataliwa huziuza chini ya thamani. Lakini nunua tu ukijua kuzipima, maana hofu ya bandia si ya bure.

Kuna dola 500, 1,000, 10,000?

Zipo. Zilichapwa mara ya mwisho 1945 na utoaji wake ukasitishwa Julai 1969. Bado ni fedha halali, ingawa anayeipeleka benki anajidhulumu. Ile ya dola 100,000 ya 1934, yenye picha ya Woodrow Wilson, ilitumika baina ya benki za Hifadhi tu na mtu binafsi haruhusiwi kuimiliki. Ya dola milioni ni karatasi ya mchezo.

Nimeipata ya dola 1,000 ya Bank of the United States, ya 1840. Karatasi yake ya manjano inakwaruza.

Tazama namba. Ikiwa 8894, ni nakala ya ukumbusho iliyosambazwa kwa wingi mno. Wauzaji huitembeza hadi leo.

Noti yangu yenye kasoro imeungua nusu. Kiwanda kitaibadilisha?

Kitengo cha noti zilizoharibika hulipa thamani iliyoandikwa ikiwa zaidi ya nusu ya noti imebaki na inatambulika. Kinalipa kama noti ya kawaida na noti yenyewe hairudi, kwa hiyo muulize mjuzi wa kasoro kwanza. Kipande cha noti yenye thamani mbili kinaweza kuzidi dola zote utakazolipwa.